Deki ya nyumbani: anza na ulichonacho kabla ya kwenda dukani

Mavuno yakishauzwa na fedha kidogo ikabaki mkononi, maswali mnayotuletea hubadilika. Mbegu na mbolea hupumzika, vitu vya nyumbani huchukua nafasi, na swali moja halikosi: tununue deki gani? Kuna wenye CD za harusi zilizokaa sandukuni bila kutazamwa. Kuna wazazi wenye watoto wanaoshinda kibanda umiza hadi usiku, nao wangependa watazame wakiwa nyumbani. Kuna walioletewa deki na ndugu aliye ng'ambo na hawajui kama itafaa.

Jibu letu fupi ni hili: deki nzuri ni ile inayopatana na umeme wako, TV yako na CD au flashi ulizonazo. Deki ya bei kubwa isiyopatana na hivyo vitatu itakuwa pambo la kabati. Ya bei ndogo inayopatana navyo itakutumikia miaka mingi. Kwa hiyo kazi ya kuchagua inaanzia nyumbani, kabla hujapanda basi kwenda mjini.

Kwanza, unahitaji deki kweli?

Angalia nyuma au ubavuni mwa TV yako. TV nyingi bapa za siku hizi zina tundu la flashi, na nyingi kati ya hizo hucheza filamu na nyimbo moja kwa moja. Ikiwa TV yako ni ya namna hiyo na huna CD hata moja, basi flashi inaweza kukutosha na fedha yako ikafanya kazi nyingine. Angalia pia king'amuzi chako, maana vingine vina tundu la flashi na huweza kucheza video.

Deki inahitajika zaidi kwa watu wa aina tatu: mwenye CD na DVD nyingi, za filamu, mahubiri, kwaya, mafunzo au sherehe za familia; mwenye TV ya chogo isiyo na tundu la flashi; na anayetaka kurekodi. Kama uko kwenye moja ya makundi haya, tuendelee.

Umeme: hesabu ndogo inayookoa fedha

Nyuma ya kila deki kuna kibandiko. Kisome kabla ya kusoma bei. Ukiona AC 100-240V, deki hiyo inavumilia umeme unaopanda na kushuka, ndio umeme wa vijiji vingi. Ukiona 220-240V peke yake, itafanya kazi kwenye umeme wetu wa gridi, lakini umeme ukishuka sana jioni inaweza kuzimika au kukatakata. Ukiona 110V au 120V peke yake, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani huku kwetu, itaungua. Zawadi nyingi kutoka kwa ndugu zimekufa hivyo siku ya kwanza. Inahitaji kifaa cha kupunguza umeme, na mara nyingi gharama yake na usumbufu wake hauna faida.

Kwa wanaotumia sola, angalia idadi ya wati. Deki ya kawaida ya kucheza tu hutumia umeme mdogo, kiasi cha wati 10 hadi 15. Mlaji mkubwa ni TV. Tuchukue mfano wa betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50. Zidisha 12 kwa 50, unapata wati-saa 600. Lakini betri ya asidi haipaswi kumalizwa yote, kwa sababu ikimalizwa kila siku inakufa mapema. Tumia nusu, yaani wati-saa 300.

Sasa deki ya wati 12 na TV bapa ndogo ya wati 30, zote zikiwa za volti 12 na zikichukua umeme wa betri moja kwa moja, zinatumia wati 42. Gawanya 300 kwa 42, unapata saa 7 hivi. Vifaa hivyo hivyo vikipitia inverta, sehemu ya umeme inapotelea humo njiani, na unabaki na saa 6 hivi. Ukiweka TV ya chogo ya wati 55 pamoja na inverta, unashuka hadi chini ya saa 4. Na bado hatujahesabu taa za usiku na simu za kuchaji. Ndiyo maana kwa nyumba ya sola tunashauri utafute deki iliyoandikwa DC 12V kwanza, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Tahadhari moja. Deki ndogo zenye kioo chake, zile zinazofungwa kama daftari, nyingine hutumia volti 9 na nyingine volti 12. Ya volti 9 usiiunganishe moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Hata ile ya volti 12, ichukulie umeme kwenye sehemu ya matumizi ya chaji kontrola, kile kiboksi kinachosimamia betri, wala usishike waya za paneli. Jua likiwa kali na betri inachajiwa, umeme wake hupanda kupita volti 14. Muulize fundi kama deki yako inavumilia kiasi hicho, na hakikisha chanya imekwenda kwenye chanya na hasi kwenye hasi.

TV: piga picha ya matundu

Hapa simu yako ina kazi. Kabla ya kwenda dukani, geuza TV na upige picha ya matundu yote ya nyuma na ya ubavuni. Dukani mwonyeshe muuzaji picha hiyo badala ya kumweleza kwa maneno.

TV za zamani zina matundu ya rangi: la njano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti. Karibu kila deki ina matundu hayo, kwa hiyo huna wasiwasi. TV ya chogo yenye tundu moja tu la sauti ipeleke waya mweupe; utapata sauti ya upande mmoja, lakini utasikia.

TV bapa nyingi zina tundu bapa liitwalo HDMI, na picha yake ni safi zaidi. Ila si kila deki ya bei nafuu ina HDMI. Baadhi ya TV bapa zimeondoa matundu matatu ya rangi na kuweka kitundu kimoja cha duara kama cha spika za masikioni. Hicho kinataka waya wake maalumu, upande mmoja pini moja na upande mwingine vichwa vitatu vya rangi. Kama waya huo ulipotea, nunua mwingine siku hiyo hiyo unayonunua deki. Safari ya pili kwenda mjini kwa ajili ya waya inaweza kuzidi bei ya waya wenyewe.

Ukiwasha nyumbani ukaona picha haina rangi, au inapanda na kushuka, usikimbilie kusema deki ni mbovu. Duniani kuna mifumo miwili mikubwa ya rangi: PAL, unaotumika kwetu, na NTSC, unaotumika Marekani na Japani. Ingia kwenye mipangilio ya deki kwa rimoti, tafuta sehemu ya mfumo wa TV, uweke PAL au Auto. Mara nyingi rangi inarudi hapo hapo.

CD na DVD ulizonazo

Tumezoea kuita zote CD, kwa sababu zinafanana kwa umbo na zote zina upana wa sentimita 12. Ndani zinatofautiana. CD ya kawaida hubeba megabaiti 700 hivi. Ndiyo maana filamu za VCD huja kwenye diski mbili. Moja haifikii saa moja na nusu. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, inatosha filamu ya saa mbili yenye picha nzuri. Deki ya DVD kwa kawaida husoma DVD na CD za nyimbo, na nyingi zinazouzwa kwetu husoma pia VCD na nyimbo za MP3. Haiwezi kusoma Blu-ray, ingawa deki ya Blu-ray husoma DVD.

Kuna kikwazo kingine kinachowasumbua wanaoletewa deki kutoka nje. Makampuni ya filamu yaligawa dunia katika kanda, na kila deki hupewa namba ya kanda yake. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya, nchi za Ghuba, Japani na Afrika Kusini ni kanda ya 2. Afrika Mashariki iko kanda ya 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Deki iliyonunuliwa Muscat au London inaweza kukataa DVD halisi ya kanda ya 5, ikaleta maandishi ya kukataa wakati diski haina mkwaruzo hata mmoja. Diski zilizorekodiwa na mpiga video wa mtaani kwa kawaida hazina kufuli hilo. Deki nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimeachwa wazi kwa kanda zote. Tafuta alama ya ALL au namba 0 nyuma yake.

Flashi: mbona deki inaikataa?

Hili ndilo lalamiko tunalolisikia zaidi. Mtu amejaza filamu kwenye flashi, kwenye simu zinacheza vizuri, akichomeka kwenye deki zinakataa. Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni jinsi flashi ilivyoandaliwa. Deki nyingi husoma flashi iliyoandaliwa kwa mtindo uitwao FAT32 tu. Flashi kubwa za siku hizi mara nyingi hutoka kiwandani na mtindo mwingine, exFAT. Anayekuwekea filamu anaweza kuibadilisha kwa kompyuta kwa dakika chache, lakini vyote vilivyomo vitafutika, kwa hiyo hamisha kwanza. Kumbuka pia kuwa FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi.

Ya pili ni aina ya video. Simu hurekodi video za MP4 kwa mbinu mpya za kubana picha. Deki nyingi za bei nafuu zilibuniwa kabla ya mbinu hizo kuenea, nazo hucheza video za AVI na MPEG za zamani. Ndiyo maana unasikia sauti bila picha, au huoni kitu kabisa. Dawa yake ni kubadilisha video hiyo kwa kompyuta, au kununua deki iliyothibitika mbele ya macho yako kuwa inacheza MP4. Maneno ya kwenye boksi hayatoshi. Nenda dukani na flashi yako mwenyewe, yenye nyimbo chache, filamu moja na video moja uliyopiga kwa simu.

Deki ya kurekodi: faida na mitego

Deki ya kurekodi ni tofauti na ya kucheza tu. Inapokea picha kutoka kwenye kifaa kingine na kuiandika kwenye DVD tupu, na nyingine zina diski kuu ndani kama kompyuta. Nyingi utakazokutana nazo ni za mtumba kutoka Ulaya au Ghuba.

Mtego wa kwanza ni antena. Deki za zamani za kurekodi hupokea matangazo ya analojia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na Kenya ilifuata mwaka 2015. Ukichomeka antena kwenye deki ya namna hiyo leo hupati kitu. Njia iliyobaki ni kutoa waya kwenye king'amuzi na kuuingiza kwenye deki. Hapo deki itarekodi kile tu ambacho king'amuzi kinaonyesha wakati huo. Mtu akibadilisha chaneli, na rekodi inabadilika.

Mtego wa pili ni diski tupu. DVD-R na DVD+R huandikwa mara moja tu. DVD-RW na DVD+RW hufutika na kuandikwa tena. Deki nyingine hukubali za alama ya kutoa tu, nyingine za kujumlisha tu, nyingine zote. Soma kwenye uso wa deki kabla ya kununua pakiti nzima.

Mtego wa tatu unaumiza zaidi. Ukimaliza kurekodi unapaswa kuifunga diski kwenye menyu, mahali palipoandikwa Finalize. Usipoifunga, itacheza kwenye deki yako lakini itakataliwa na deki nyingine. Deki yako ikifa, rekodi hiyo inaweza isionekane tena kwa urahisi.

Pamoja na mitego hiyo, ipo kazi moja ambayo deki ya kurekodi huifanya vizuri sana: kuokoa mikanda ya VHS. Nyumba nyingi zina mikanda ya harusi, ubatizo, maulidi au mahafali ya miaka ya tisini. Wapo waliomo humo ambao leo hawapo tena, na mkanda huo pengine ndio mahali pekee sauti ya bibi au babu bado inasikika. Mikanda hiyo inaoza kwa unyevu na ukungu, na deki za kuicheza zinaisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016.

Si lazima ununue deki ya kurekodi kwa mikanda miwili mitatu. Tafuta fundi au studio ya video mjini, ulipie kuhamisha. Au changeni majirani na ndugu mkanunua moja ya pamoja, yenye upande wa mkanda na upande wa DVD. Mkihamisha, tengenezeni nakala mbili na kuziweka nyumba mbili tofauti, kisha nyingine kwenye flashi. DVD ya kuandika nyumbani si ya milele. Ina rangi ndani ambayo jua na joto huiharibu.

Mkiwa dukani

Usikubali deki iliyojaribiwa kwa CD ya muuzaji peke yake. Ile ameichagua kwa sababu inacheza. Jaribu diski zako, hasa yenye mikwaruzo kidogo. Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: rukia mwisho wa filamu. Deki husoma diski kutoka katikati kuelekea ukingoni, na lenzi iliyochoka huonyesha udhaifu wake huko ukingoni. Filamu inayoanza vizuri inaweza kukwama dakika za mwisho, na dukani hakuna anayesubiri kufika huko.

Kwa deki ya mtumba, sikiliza. Mlio wa kukwaruza au trei inayosita kutoka ni dalili. Izime, iwashe, weka diski tena mara tatu au nne. Dai rimoti yake, kwa sababu mipangilio mingi haifikiki kwa vitufe vya mbele. Kwa deki mpya, soma jina la kampuni herufi kwa herufi. Majina yanayofanana na yale maarufu kwa herufi moja pungufu ni mengi. Chukua risiti yenye tarehe na uulize kwa maneno wazi: ikikataa ndani ya muda gani nairudisha?

Kabla ya hapo, pita kwa fundi wa soko lenu. Muulize lenzi za deki zipi anazipata. Lenzi ndiyo hufa kwanza, na deki ambayo lenzi yake haipatikani karibu ni mzigo hata ikiwa mpya.

Kuitunza idumu

Vumbi ndilo adui wa kwanza vijijini. Funika deki ikiwa imezimwa na imepoa, na ifunue kabla ya kuwasha ili ipumue. Usiipandishe juu ya king'amuzi kinachochemka. Mende na mijusi hupenda joto lake, kwa hiyo usiiweke karibu na vyakula. Diski ifute kwa kitambaa laini kikavu, ukivuta kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ukiisafirisha, toa diski kwanza. Radi ikianza, chomoa plagi na waya wa antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Na usiifungue na kuiwasha ili uone lenzi ikifanya kazi, kwani mwanga wake ni leza na unaweza kudhuru jicho.

Yaandike haya kwenye simu yako

1. Umeme wangu: wa gridi, au sola ya volti ngapi? Nina wati-saa ngapi za kutumia?
2. Picha ya matundu ya TV ninayo?
3. Nitacheza nini zaidi: CD, DVD, nyimbo au video za flashi?
4. Nahitaji kurekodi kweli, au studio ya mjini inatosha?
5. Nimebeba diski zangu na flashi yangu za kujaribia?
6. Fundi wa karibu anapata lenzi yake?

Ukiwa na majibu hayo sita, muuzaji hatakuchagulia deki ya kumaliza stoo yake, utaichagua wewe. Na ukiona baada ya maswali haya kwamba TV yako na flashi vinatosha, fedha ibaki mfukoni. Msimu ujao nao unahitaji mbegu.